Sampuli Hazikuchanganywa: Maisha ya Mama Kutu

Wapendwa wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake wa kituo cha utafiti, wakulima mliotoka mbali, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama na sisi, familia imenipa mimi, mdogo wake wa pekee, kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, na kwa kuwa katika karatasi za namna hii kila mtu hutajwa kwa nafasi yake, na mimi nimejiandika humu kama mdogo wake, kana kwamba ninamsema mtu mwingine, kwa sababu nilipojaribu kuandika kwa kusema mimi, mimi, sikufika mstari wa tatu. Mkisikia nimeteleza, mnivumilie. Shangazi ameniomba niruke mwaka 2008, anasema mambo ya ndani yabaki ndani, lakini marehemu alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na kosa ndilo alilolitangulizia kalamu, kwa hiyo shangazi, nisamehe, sitauruka.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1966, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya kinu cha unga ambako baba yetu alikuwa mwendesha mashine, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, na alikulia katika nyumba za wafanyakazi wa kinu, chumba na sebule, mahali ambapo unga ulikuwa unaingia kila pahali, kwenye mashuka, kwenye redio, hadi kwenye kope za watu, na mama alikuwa akifuta meza kabla ya kula na kuifuta tena kabla ya kunawa. Alipokuwa na miaka kumi na miwili aliona baba amemwaga gunia la ngano sakafuni, punje zimesinyaa kama kucha za mzee, na katikati yake kuna vipande vya majani makavu vyenye vumbi jekundu, ukivigusa vinakuachia rangi kwenye vidole kama msumari wa zamani. Aliuliza ni nini, baba akasema ni kutu ya ngano, akauliza jani linapataje kutu, na baba, ambaye kwa habari za ngano alikuwa hashindwi na mtu, akakuna kichwa akasema hajui. Marehemu alikuwa akisimulia kwamba ile ndiyo mara ya kwanza kumwona baba hajui kitu, akakosa raha wiki nzima.

Mama yetu alifariki tarehe 2 Mei 1981, marehemu akiwa na miaka kumi na mitano na mdogo wake minane, na kuanzia siku hiyo, bila kikao wala tangazo, yeye ndiye aliyekuwa mama wa nyumba ile, akapika, akafua, akampeleka mdogo wake shule kwa kumshika mkono hadi mtoto akaanza kuona haya mbele ya wenzake, na kwa kuwa baba alikuwa akifanya kazi kwa zamu na analala mchana, yeye ndiye aliyekuwa akitia saini ripoti za shule za mdogo wake, kwa mwandiko wa baba, vizuri kiasi kwamba mwalimu ama hakugundua ama aligundua akaamua kumeza. Na chini ya saini alikuwa akiongeza maoni ya mzazi, mafupi na makali, mfano ule wa mwaka 1984 usemao kwamba mtoto huyu ana akili ila ana usingizi, tafadhali akaliwe kooni.

Elimu ya msingi aliipata katika shule ya kinu kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, ya sekondari hadi 1986, akiwa anakwenda na kurudi kila siku kwa miguu ili asimwache mdogo wake na chungu kisicho na mtu, kisha akajiunga na chuo kikuu cha kilimo mwezi Septemba 1987, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1991, ya pili mwaka 1995 na ya uzamivu tarehe 28 Novemba 2003, zote katika magonjwa ya mimea yanayoletwa na kuvu. Siku ya uzamivu baba alikuwa bado hai, akamwuliza mbele ya wageni, haya, sasa niambie, jani linapataje kutu, na marehemu akamweleza kwa saa nzima, mzee akawa anaitikia kwa kichwa, na mwisho akasema bado hajaelewa ila ameridhika.

Aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mazao tarehe 1 Julai 1991, idara ya magonjwa, maabara namba nne, ile yenye mlango usiofunga hadi uunyanyue kidogo, na kwa miaka yake ya mwanzo alifuatilia kutu shamba kwa shamba, akiwa amevaa buti za mvua na kofia iliyokwisha sura, na huko ndiko wakulima walikompa jina la Mama Kutu, jina ambalo mwanzoni alilikataa na baadaye akaliandika kwenye mlango wa ofisi yake. Wengi wenu mnakumbuka alivyokuwa akieleza kwa nini mbegu iliyohimili ugonjwa miaka kumi inaweza kulala chini msimu mmoja. Alikuwa akisema, chukulia mmea una mlinzi getini, na mlinzi ameambiwa amkamate kila mwenye kofia nyekundu, basi kwenye kuvu milioni moja, mmoja kofia yake inadondoka, si kwa akili, hana akili, ni urithi wake umekosewa tu wakati wa kunakiliwa, na wote wenye kofia wanakamatwa, na huyu asiye na kofia anapita, anakula, anazaa, na upepo unawabeba watoto wake hadi shamba la jirani. Ndiyo maana alikuwa akigombana na watu waliopanda mbegu ya aina moja bonde zima, akiwaambia mmeweka mlinzi mmoja kwenye mageti elfu, jamani, akipitwa mmoja mmepitwa wote.

Kuhusu ndoa, mwezi Februari 1996 jokofu kubwa la maabara lilizimika, akaitwa fundi wa majokofu, kijana mpole mwenye mkoba wa vyuma, akalitengeneza, wiki iliyofuata akarudi kuangalia kama limetulia, wiki ya tatu akarudi tena, na marehemu akamwuliza kuna tatizo gani, fundi akajibu kwamba jokofu halina tatizo lolote. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Juni 1997, na tarehe 3 Februari 1999 wakajaliwa binti yao wa pekee, ambaye leo ni mwalimu wa hisabati na mama wa mtoto mmoja, na shemeji yangu yule pale, ameketi mstari wa mbele na mkoba wake wa vyuma miguuni, kwa sababu asubuhi hii alisema hajui mikono yake aiweke wapi.

Mdogo wake aliajiriwa katika kituo hicho hicho tarehe 4 Septemba 1995, kama fundi sanifu wa maabara, na yapo maneno yaliyosemwa wakati ule, kwa hiyo isomwe wazi kwamba siku ya usaili marehemu alitoka nje ya chumba, akaenda kukaa kwenye ngazi, na hakurudi hadi majina yalipobandikwa. Kazini alitaka aitwe Daktari, hata kabla hajawa daktari, nyumbani aliitwa dada, na mdogo wake alijua mipaka hiyo kama anavyojua mlango wa kwao. Zamu ngumu zilikuwa zake, lawama za kwanza zilikuwa zake, sifa zilikuwa za wengine, na alipolalamika siku moja, marehemu alimjibu kwamba akikosea mtu mwingine ni kosa, akikosea yeye watasema ni undugu. Woga huo marehemu aliuishi miaka yote, na huo ndio uliotufikisha mwaka 2008.

Msimu wa mwaka huo, ngano ya ukanda wa chini ilianza kukauka majani, mbegu mpya kabisa, iliyotolewa na kituo chetu wenyewe kwa vifijo, na ugonjwa uliokutwa pale ulikuwa wa michirizi, kuvu ambayo tangu zamani ilikuwa inasumbua shayiri na majani ya porini, ila kwenye ngano ilikuwa haina meno. Mdogo wake alikwenda mashambani mwezi Agosti, akakata majani, akarudi nayo maabara, akapima, na ndani ya kuvu ile ya michirizi akakuta jeni ya sumu, sumu ile inayoua jani la ngano, ambayo vitabu vyote vilisema ni mali ya kuvu nyingine kabisa, kuvu ya madoa, ukoo mwingine, hawaoani, hawazai pamoja. Hakuikuta imefanana, aliikuta ile ile, herufi kwa herufi. Alipima mara tatu, kila mara akipata jibu hilo hilo.

Wenzetu wa maabara wanajua, na wengine nitawaeleza, kwamba jambo kama hilo kwenye kazi ile lina maana moja tu, kwamba umechanganya sampuli, umesahau kubadilisha glavu, tone moja limeruka kutoka chupa hii kwenda ile, na kanuni hiyo ni nzuri, imewaokoa wengi na aibu. Na bahati mbaya, sampuli za kuvu ya madoa zilikuwa zimeletwa kituoni mwezi huo huo wa Agosti, zikawekwa kwenye jokofu lile lile, rafu ya juu yake.

Kikao kilifanyika Jumatano tarehe 17 Septemba 2008, saa tatu asubuhi, katika chumba cha mikutano chenye meza ndefu na kiti kimoja kinachoyumba, watu wanane pamoja na mkurugenzi, na ripoti ya mbegu ilikuwa inasubiriwa. Mdogo wake alisoma matokeo yake, akaeleza kwamba haoni namna nyingine isipokuwa jeni imehama kutoka kuvu moja kwenda nyingine, watu wakatazamana, na mmoja, sitamtaja, akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika kwamba ndugu wakifanya kazi pamoja hufichiana. Mdogo wake akamgeukia marehemu, akasema, Daktari, pima mwenyewe, marehemu akaendelea kupanga karatasi zake, na hapo mdogo wake, kwa kuzidiwa, akajisahau akasema, dada, nakuomba, pima mwenyewe. Ikawa amemwaga petroli kwenye moto. Marehemu alisema, hapa hakuna dada, akavuta daftari la maabara, akaandika kwa wino mwekundu maneno ambayo wote waliokuwa pale wanayakumbuka, matokeo yamefutwa, sampuli zimechanganywa na fundi, akatia saini, saini yake mwenyewe safari hii.

Hakupima. Yeye aliyekuwa akipima hata maji ya chai, siku ile hakupima, kwa sababu aliyeomba alikuwa ndugu yake, na aliona bora amwonee ndugu kuliko kuonekana anampendelea. Mdogo wake alihamishiwa stoo ya magunia, akakaa wiki mbili, na Ijumaa tarehe 3 Oktoba 2008 akarudisha koti jeupe na funguo, akafungua banda la kutengeneza mabomba ya kunyunyizia dawa, kwenye barabara ya nyuma ya soko la nafaka, na mbegu ile ikaendelea kupandwa kwa misimu saba zaidi, kwa sababu kituo kilisema michirizi haiwezi kuiua ngano. Baadhi yenu mliokaa pale nyuma mlipoteza mashamba misimu ile, na marehemu alilijua hilo, alikuwa na majina yenu kwenye karatasi ndani ya mkoba wake.

Kwa miaka saba ndugu hawa wawili walikutana misibani na kwenye sherehe za familia, mdogo anasema shikamoo dada, mkubwa anajibu marahaba, basi, hakuna kilichoongezwa. Mazishi ya baba, tarehe 9 Juni 2011, walisimama upande na upande wa kaburi, shikamoo, marahaba. Watu walidhani mdogo wake ameshupaza shingo kwa ajili ya kazi, lakini haikuwa kazi, jamani, kazi hupatikana, ilikuwa ni kwamba mtu aliyemlea, aliyemjua hadi harufu ya uongo wake, alimtazama usoni akaamua kutomwamini.

Mwezi Oktoba 2015 sakafu ya maabara namba nne ilikuwa inabadilishwa vigae, makabati yakatolewa, na nyuma ya droo moja marehemu akakuta bahasha za khaki, mwandiko wa mdogo wake, ambaye alikuwa na tabia ya kuweka jani la pili, kavu, kutoka kila shamba, bila kuagizwa na mtu. Bahasha moja iliandikwa tarehe 11 Agosti 2008, imebandikwa gundi, haijawahi kufunguliwa, na marehemu akaenda kwenye daftari la mapokezi akaangalia zile sampuli za madoa ziliingia lini kituoni, akakuta tarehe 25 Agosti. Jani lile lilikuwa limefungwa wiki mbili kabla kitu cha kuchanganyika nacho hakijafika. Aliifungua kwa mikono yake, glavu mpya, vyombo vipya, akapima mara tatu ndani ya siku tisa, hakumwambia mtu, na jeni ya sumu ilikuwemo, herufi kwa herufi. Mama wa usafi ndiye aliyemkuta ameketi sakafuni kwenye korido, miguu ameinyoosha kama mtoto, akamwuliza kama ameanguka, na marehemu akamwuliza mabanda ya soko la nafaka hufungwa saa ngapi.

Jambo lenyewe, kama alivyokuja kulithibitisha baadaye na wenzake, ni hili, kwamba kuvu hizi mbili zikikutana kwenye jani moja, nyuzi zao laini hugusana, mahali pengine kuta zao huungana, na kipande cha urithi huvuka kutoka kwa hii kwenda kwa ile, hakuna ndoa, hakuna uzazi, ni sawa na jirani kumpa jirani kisu juu ya ukuta, na yule aliyekuwa hana meno anaamka na kisu. Vingi kati ya vipande hivyo havina faida, hupotea, ila kisu kikikutana na shamba zima lililopandwa mbegu isiyokihimili, mwenye kisu huyo ndiye atakayezaa, na ndani ya misimu michache kila kuvu ya michirizi utakayoiokota inacho. Hivyo ndivyo ukali wa magonjwa ya mazao unavyozaliwa na kusambaa, kwa kupoteza kofia na kwa kuazima kisu, na nusu ya pili ya maneno hayo ilikuwa imeshasemwa na fundi sanifu mmoja mwaka 2008, ikapigwa wino mwekundu.

Alhamisi tarehe 19 Novemba 2015, kama saa tano asubuhi, marehemu alifika bandani. Palikuwa na wateja wanne, mmoja na bomba mgongoni, mdogo wake ameshika spana, na marehemu hakumvuta pembeni, alisema kwa sauti ya kikao, nilikosea, hukuchanganya kitu, nilikuaibisha mbele za watu na ninasema mbele za watu, nisamehe. Wateja wakawa wanatazama viatu vyao. Mdogo wake alikaza nati aliyokuwa anaikaza, ikakazika, akaendelea kuikaza, akasema, tutaongea, dada.

Tarehe 2 Desemba mwaka huo aliitisha kikao katika chumba kile kile, wakaitwa wote wanane, hata wawili waliokwisha kustaafu, akafungua daftari, akasoma maneno yake ya zamani, kisha chini yake akaandika, sampuli hazikuchanganywa, nilikosea mimi, akalipitisha mkono kwa mkono kila mtu aone. Mbegu iliondolewa msimu uliofuata. Tarehe 7 Aprili 2017 matokeo yalichapishwa, jina la kwanza ni la mdogo wake, la pili ni lake, ingawa kila mtu anajua kwamba marehemu ndiye aliyekesha na kazi hiyo mwaka mzima. Mkurugenzi mpya alimwandikia mdogo wake barua arudi kazini, akashukuru akakataa, alishazoea kelele za soko.

Na kila Jumamosi saa nne asubuhi, kwa zaidi ya miaka saba, marehemu alikuwa anakuja bandani, anageuza pipa la plastiki anakalia, anabadilisha vali na mipira ya mabomba, vibaya mwanzoni, mteja mmoja aliwahi kurudisha bomba lililomwagia dawa kwenye suruali, baadaye akawa hodari, akawa na wateja wake. Walicheka, walibishana, walimsengenya shangazi, nisamehe tena shangazi, na kila alipokaribia kuondoka alikuwa anafuta mikono anauliza, leo je, na mdogo wake anajibu, tutaongea. Ikawa kama utani, ila haukuwa utani, kwa sababu kuna Jumamosi moja ya mwaka 2019 aliuliza akiwa ameshamgeuzia mgongo, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba, si ya dada wala ya daktari. Mdogo wake aliisikia, na akajibu vile vile.

Mwezi Machi 2023 alianza kulalamika maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, akapimwa, na tarehe 18 Mei ikathibitika kuwa ni saratani ya kongosho. Alipokea habari hiyo kwa maswali, akamhoji daktari kijana hadi jasho likamtoka, na matibabu yalipoendelea akataka kujua kwa nini dawa ilikuwa imepunguza uvimbe katika mwezi wa kwanza wa tiba na katika wa tatu haikupunguza, na alipoelezwa alicheka akasema, loo, seli hizi nazo zimevua kofia. Jumamosi alizoweza kutembea alikuja bandani. Ya mwisho ilikuwa tarehe 9 Desemba, shemeji alimshusha mlangoni kabisa, akafunga vali moja tu, ikamchukua saa nzima, na hakuna mteja aliyemharakisha. Tarehe 15 Januari 2024 alilazwa, wodi ya tatu, kitanda cha dirishani.

Jumatatu tarehe 5 Februari, saa za kuona wagonjwa, mdogo wake alikuwa naye, muuguzi anabadilisha shuka upande wa pili wa kitanda, na marehemu, kwa sauti iliyokwisha kuwa pumzi tu, akasema, bado hatujaongea. Mdogo wake alimwona muuguzi, akaona haya, mtu mzima wa miaka hamsini na moja akaona haya, akasema, kesho, dada, kesho tutaongea vizuri. Akamfunika miguu, akaondoka.

Siku iliyofuata alipiga pasi shati, akafunga banda, akafika hospitali saa tatu asubuhi, na kwa kuwa wagonjwa huonwa kuanzia saa sita, mlinzi alimwonyesha benchi, akaketi, na maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyapanga njia nzima. Angeweza kumwomba mlinzi, watu humwomba mlinzi, hakumwomba, aliona muda upo. Saa nne na dakika arobaini mlango ulifunguliwa, akatoka muuguzi mkuu wa wodi, akatazama watu wa benchi mmoja mmoja, akaja kusimama mbele yake. Marehemu aliaga dunia Jumanne hiyo ya tarehe 6 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, ameacha mume, binti, mjukuu, na mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu waliomjibu maswali yake yote, na hata yale ambayo hawakuwa na majibu yake walikaa wakamsikiliza, inamshukuru mlinzi wa mlangoni, ambaye amekuwa akimfuata mdogo wake kumwomba radhi, na anaambiwa hapa mbele za watu kwamba hana kosa hata kidogo, inawashukuru majirani waliopika na kufua tangu Januari, wafanyakazi wenzake, mkurugenzi, mama wa usafi wa maabara namba nne, wakulima mliokuja na ambao mlikuwa na sababu ya kutokuja, na wateja wa bandani, mliomwita fundi, jina ambalo binti yake anasema alilipenda kuliko udaktari.

Hapa karatasi imekwisha, na mdogo wake hana lingine la kusema, mimi ndiye ninalo. Dada, nilikusamehe siku ile ile, nikiwa nimeshika spana, kabla hujamaliza kusema, na Mungu ni shahidi, sikuwa na kinyongo hata cha kujaza kijiko. Nilikuwa nimekukosa miaka saba. Nilijua wewe ukishamaliza jambo hulirudii, unafunga faili unakwenda kwenye lingine, nikaogopa kwamba nikikujibu utashukuru, utafuta mikono, utarudi kwenye ngano zako, na Jumamosi itabaki Jumamosi tu, kwa hiyo nikawa nakuambia tutaongea, ili uje tena. Ni hilo tu. Nilitaka uendelee kuja.

Sasa pumzika kwa amani, dada, usihangaike tena na barabara ya soko. Zamu ya kuja ni yangu.